Vyura wanaokesha na mikosi ya rafiki yetu

Mwezi huu tulikuwa tumepanga kuandika juu ya kupanda mboga kwenye mifuko. Lakini kila mlango tuliobisha hodi tulikuta habari ileile. Ukisalimia, "Mulilala muzuri?", unajibiwa kwa swali: "Tutalala na ile vyula?" Basi mboga zitangoja.

Kila anayekaa huku Giheke anajua namna nchi hii ya Rusizi ilivyo. Ni vilima, na kati ya kilima na kilima kuna bonde, na ndani ya bonde kuna maji. Ziwa Kivu liko karibu, mvua hazichoki. Zinaanza Septemba hadi Desemba, zinapumzika kidogo, halafu zinarudi kwa nguvu kuelekea Machi, Aprili na Mei. Majirani wetu Wanyarwanda wanaita vyura ibikeri, na kwao kelele za usiku wa mvua ni jambo la kawaida kama umande. Nasi tuliotoka Uvira, Kalehe au Fizi hatukukutana na chura kwa mara ya kwanza hapa. Kilicho kipya ni mahali wanapolilia. Zamani walikuwa chini bondeni. Sasa wako nyuma ya nyumba, hatua kama ishirini kutoka kwenye mito ya watoto wetu.

Sababu ni shimo. Nyuma ya mstari wa mwisho wa nyumba watu walichimba udongo wa kufyatua matofali na kukandika kuta. Lilianza dogo, likapanuka, likazaa la pili. Kiangazi watoto walicheza mpira ndani yake. Mvua za Oktoba zilipofika likajaa maji, majani yakaota pembeni, na kabla hata mwezi haujaisha kelele zikaanza.

Rafiki yetu anakaa nyumba iliyo karibu kabisa na hilo shimo. Jina lake hatuliandiki, mwenyewe ameomba hivyo, ingawa mtaa mzima unamjua kwa mandazi yake. Ni mama wa watoto wanne. Mikosi yake ilianza na kuku. Alikuwa nao sita, wakafa wote ndani ya siku nne, shingo zimepinda, wanahara kijani. Wiki iliyofuata upepo wa mvua ukapasua bashi ya nyumba na maji yakaloanisha unga. Halafu simu ikamtoka mkononi usiku akiruka mfereji, na ndani ya simu mlikuwa namba za ndugu zake wote walioko ng'ambo ya Rusizi, hakuwa ameziandika popote. Mtoto mdogo akashikwa na malaria, siku tatu kituo cha afya. Alipotoka huko, asubuhi ya kwanza ya kurudi kazini, akasinzia mbele ya jiko. Karai la mafuta likapinduka. Mungu alisaidia hakuungua sana, mguu tu. Lakini mafuta yalikuwa ya deni.

Mambo matano kwa muda wa wiki saba. Na kila usiku, katikati ya yote hayo, vyura.

Sasa mtu ambaye hajalala, ana deni, ana mguu wenye bandeji, ukimwambia "ni bahati mbaya tu" hatosheki. Anataka kujua ni nani. Na watu wa kumsaidia kutafuta jibu hawakukosekana. Mmoja akasema vyura hawaji bure, wanatumwa. Mwingine akakumbuka hadithi ya kwao ya chura aliyekutwa chini ya kitanda cha mgonjwa. "Ile vyula iko na mutu nyuma yake," ndivyo maneno yalivyozunguka bombani. Siku chache tu yakapata jina: mwanamke mzee anayekaa peke yake mlango wa tatu, ambaye kosa lake, kadiri tulivyoweza kuelewa, ni kuwa mzee, kuwa peke yake, na kusema kwamba kelele za vyura hazimsumbui.

Hapo ndipo sisi tuliacha kucheka. Wengi wetu tunajua maneno ya namna hiyo yanaishia wapi. Mwaka 2021 katika Kivu ya Kusini wanawake wazee kadhaa waliuawa kwa kushutumiwa uchawi. Tumekimbia vita, tumevuka mpaka, halafu tuje tujitengenezee hofu nyingine sisi wenyewe ndani ya kambi? Tukaamua kwenda kuwaangalia hao vyura kwa macho yetu.

Tulikwenda usiku, watu watano na tochi mbili, mvua ikiwa imekatika saa moja hivi. Kelele ilikuwa kubwa hata tukawa tunaongea kwa ishara. Ukimulika, wote walio karibu wananyamaza ghafla. Zima tochi, hesabu pole pole, mmoja anaanza, wa pili anajibu, na baada ya muda mfupi shimo zima linalia tena. Tuliomkamata alikuwa mdogo kuliko kidole gumba. Kijana mmoja alikataa kuamini. Alikuwa anatafuta chura mkubwa kama sahani.

Hao wadogo wanaoshikilia majani kwa vidole vyenye ncha za mviringo ni vyura wa matete. Katika Rwanda wako wa namna nyingi. Wataalamu wanawaita Hyperolius, na mmoja wao, Hyperolius kivuensis, amebeba jina la ziwa letu. Mwingine aliandikwa kwa mara ya kwanza katika vitabu vya sayansi mwaka 2013 na kuitwa Hyperolius rwandae. Anayelia ni dume peke yake. Anajaza hewa kwenye mfuko wa ngozi chini ya kidevu, unavimba kama puto, na sauti inatoka kubwa kuliko mwili. Anaita jike. Hana ujumbe mwingine. Wakiwa madume mia ndani ya shimo moja, kila mmoja anajitahidi kusikika kuliko mwenzake, kama makonda wa stendi ya Kamembe wanapogombania abiria mmoja. Maji yakikauka, wanaondoka au wanajificha, na kelele inakwisha. Kwa hiyo swali la nani amewatuma lina jibu: mvua iliwaita, na shimo tulilochimba wenyewe likawapa mahali pa kukaa.

Na mikosi je? Tulikaa na rafiki yetu tukaipanga moja moja. Bashi ilipasuliwa na mvua, mvua ileile iliyojaza shimo. Simu ilianguka kwenye mfereji uliofurika. Malaria inaletwa na mbu, na mbu jike anataga kwenye maji yaliyotuama, na maji yaliyotuama yako hatua ishirini kutoka kitandani. Kusinzia mbele ya karai kulitokana na kukesha, kituo cha afya na nyumbani. Yaani vyura na mikosi ni watoto wa mama mmoja, wanafanana kwa sababu hiyo, wala si kwamba mmoja alimzaa mwingine. Kuku peke yao hawaingii kwenye hesabu. Wale waliondoka na ugonjwa ambao Watanzania wanauita kideri, na mistari mingine ya kambi ilipoteza kuku wiki hizohizo, hata wanaokaa juu kilimani ambako chura hasikiki. Kuku wanachanjwa kwa tone moja la dawa jichoni, na chanjo inarudiwa baada ya miezi michache. Bei yake kwa kuku mmoja haifiki ya yai. Ulizeni mganga wa mifugo wa sekta kabla hamjanunua kuku wengine.

Rafiki yetu alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Nimesikia. Lakini mie bado silali." Na hapo alikuwa na haki, kwa sababu maelezo hayanyamazishi chura.

Kumbe si sisi peke yetu

Tulipoanza kuuliza na kusoma, tukakuta kuna watu wenye hali nzuri kuliko sisi, wenye nyumba za ghorofa na magari, waliokosa usingizi vilevile. Visiwa vya Hawaii, katika bahari ya Pasifiki, havikuwahi kuwa na chura wa asili hata mmoja. Karibu mwaka 1988 akafika mdogo anayeitwa coqui, kutoka kisiwa cha Puerto Rico, amejificha ndani ya maua ya kupanda bustanini. Jina lake ndilo wimbo wake: ko-kii, ko-kii, kuanzia jua kuzama mpaka karibu na alfajiri. Wanaosoma sauti za wanyama wanasema ile "ko" ni onyo kwa madume wengine na ile "kii" ni mwaliko kwa majike. Mwili wake ni sentimita tatu hadi tano, lakini ukisimama karibu naye sauti inafika desibeli 90. Maongezi ya kawaida ni kama 60.

Huyu ana ujanja ambao vyura wa shimo letu hawana. Hahitaji dimbwi. Anataga kwenye majani yaliyolowana, na ndani ya yai mtoto anatoka akiwa tayari ana miguu, hapiti hali ya kiluwiluwi. Nyoka wa kumla hakuna kule. Sehemu nyingine walihesabiwa zaidi ya 50,000 ndani ya hekta moja. Mwaka 2004 meya wa kisiwa kikubwa cha Hawaii alitangaza hali ya dharura kwa ajili ya chura. Walijaribu kafeini, kile kitu cha ndani ya kahawa, wakaiacha kwa kuogopa madhara yake. Wakatumia chokaa. Mwisho wakashika asidi ya limau, wanaichanganya na maji na kunyunyizia usiku, mti kwa mti. Kisiwa cha Kauai, ambako walikuwa bonde moja tu, kilitangaza mwaka 2012 kwamba wamewamaliza. Kisiwa kikubwa bado wanaimba mpaka leo.

Na huko Puerto Rico alikotoka? Wanampenda. Wamemfanya alama ya nchi yao, wanamchora kwenye nguo na vikombe, na mtu wa kwao akiwa mbali anasema anakosa usingizi kwa kutomsikia. Chura ni yuleyule, wimbo ni uleule. Sisi tunaosoma habari hii tukiwa nje ya kwetu tuliitafakari kwa muda, halafu tukaendelea na kazi.

Yuko pia ndugu yetu wa Afrika aliyesafiri. Ni yule chura mkubwa wa vipele mwenye sauti ya kukoroma, Sclerophrys gutturalis, anayeishi kuanzia Kenya na Kongo mpaka Afrika Kusini. Mwaka 1922 alichukuliwa Durban akapelekwa kisiwa cha Morisi ili ale mbawakawa wa mashamba ya miwa. Mwaka 1927 akatolewa Morisi akapelekwa Réunion, eti apunguze mbu. Visiwa vyote viwili havijamtoa tena. Tangu mwanzo wa miaka ya 2000 ameonekana Cape Town, mtaa wa matajiri wenye mabwawa kwenye bustani, na serikali ya jiji imelipa watu wa kupita usiku kumkamata mmoja mmoja. Wakaaji wa huko walilalamikia kelele. Hata chura wa matete, ndugu wa wale wa shimo letu, amefika sehemu za Rasi ya Magharibi ambako zamani hakuwepo.

Tunasema haya kwa sababu moja. Katika habari zote hizo hatukukuta mahali ambapo chura aliletwa na bibi mzee. Aliletwa na meli, na maua, na mtu mwenye mpango mzuri ambao haukufikiri mbele, na maji yaliyoachwa wazi.

Dumu la dawa

Kabla maneno hayajapoa, vijana wanne walikuja na suluhisho. Mmoja alikuwa amepata dawa ya kunyunyizia nyanya, nusu ya dumu dogo. Mpango ulikuwa kuimwaga shimoni usiku, na ikikosa nguvu waongeze petroli. Walikuwa wanataka kusaidia, hatuwalaumu kwa nia yao. Lakini fuateni maji yanakokwenda. Shimo likijaa, linafurika kwenye mfereji. Mfereji unashuka bondeni, pale ambapo akina mama wanafua na ambapo mboga zetu na za majirani zinamwagiliwa. Watoto wanakanyaga humo miguu mitupu. Dawa ya nyanya haiulizi huyu ni chura, huyu ni mtoto.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Chura anakula wadudu, mbu wakiwemo, na katika nchi za Costa Rica na Panama, ambako ugonjwa wa ukungu uliwaua vyura kwa wingi kuanzia miaka ya 1980, watafiti walionyesha mwaka 2022 kwamba malaria iliongezeka kwa watu baada ya vyura kutoweka. Hatusemi mtu afuge vyura ili apone malaria. Dimbwi lenye vyura bado linazaa mbu. Tunasema tu kwamba ukiua vyura na kuliacha dimbwi, umeondoa mlinzi na kumwachia mwizi nyumba.

Mabishano yalikuwa marefu, na mengine hayafai kuandikwa. Mwisho yule kijana mwenye dawa alilipeleka dumu kwa kiongozi wa mtaa. Jumamosi ya mwisho ya Novemba, siku ya umuganda, watu kama arobaini wakashuka shimoni na majembe na machepe, wakaaji wa kambi na majirani wa kilimani pamoja. Walikata mfereji upande wa chini, maji yakatoka kwa saa mbili. Shimo la kwanza lilijazwa udongo na vifusi vya matofali yaliyovunjika. Yule mwanamke mzee alileta chepe lake akakaa pembeni. Wachache walimsalimia. Rafiki yetu alimpelekea maji ya kunywa, wakaongea kidogo, hatukusikia nini. Lakini tunajua kwamba mpaka leo kuna watoto wanaokatazwa kupita mlangoni kwake, na hilo halikujazwa na machepe.

Usiku ule kelele zilipungua, hazikuisha. Shimo la pili bado lina maji. Wengine walirudi bondeni, unawasikia kwa mbali, na kwa umbali ule, wengine wetu tunakiri, si wabaya. Rafiki yetu anasema sasa analala mpaka saa kumi. Bashi imeshonwa. Simu haikupatikana, lakini namba tatu za ndugu zake zimepatikana kwa kupitia watu wa kanisani. Deni la mafuta amelipa nusu.

Kwa wazazi, kuhusu watoto na vyura

Tangu shimo lijae, watoto wamefanya vyura kuwa mchezo. Wanawatia ndani ya chupa, wanawapeleka shuleni mifukoni. Wale wadogo wa matete hawana madhara ya kutisha, ila mtoto anawe mikono kwa sabuni baada ya kuwashika, kwa sababu wanabeba vijidudu vya kuharisha. Chura mkubwa mwenye ngozi ya vipele ni mwingine. Nyuma ya macho yake kuna vivimbe viwili, na humo kuna maziwa meupe yenye sumu. Kumgusa hakuleti chunjua, hiyo ni hadithi tu, lakini maziwa yale yakiingia jichoni yanachoma sana, na mbwa akimng'ata anatoa mapovu.

Tunajua kwamba baadhi yetu tumetoka sehemu ambako miguu ya chura ni mboga. Hatumcheki mtu kwa chakula cha kwao, na mwezi ambao posho imechelewa kila mtu anaangalia anachoweza kutia sufuriani. Lakini huyu wa vipele asiliwe, wala mayai yake. Moto wa jikoni hauiondoi sumu yake kwa uhakika, na inashambulia moyo. Mtoto akimla, au akitapika na mapigo ya moyo kubadilika baada ya kuchezea vyura, akimbizwe kituo cha afya hapohapo. Maziwa ya ng'ombe na dawa za miti zisimcheleweshe.

Na wote wenye nyumba mstari wa mwisho: kila mtoto alale ndani ya chandarua, kilichotoboka kishonwe kabla ya mvua za Machi. Makopo, matairi na ndoo zilizopasuka zipinduliwe zisishike maji. Atakayehitaji udongo wa matofali amwone kwanza kiongozi wa mtaa ili aonyeshwe mahali, na achimbe kwa mteremko, maji yapate njia ya kutoka.

Shimo la pili litajazwa Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu, saa mbili asubuhi. Machepe yapo saba tu. Mwenye jembe aje nalo, mwenye toroli atusaidie siku mbili kabla kusogeza vifusi.